Aliyekuja na Picha za Mama

Fundi alichomoa waya wa intaneti, na mafaili yakaendelea kuingia.

Mwanzoni hakutia maanani. Ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe, sebule imejaa mwanga, na yeye kwa kazi yake ya kutengeneza majokofu alijua kwamba mashine nazo zina ukaidi wake. Alikuwa anarudisha kwenye kompyuta ya nyumbani picha na video zote alizoziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni miaka nenda miaka rudi, hasa za mama yake, aliyefariki mwaka uliopita. Simu aliyopigia picha hizo ilishakufa. Haikumkalia vizuri kwamba sura ya mama inatunzwa na watu asiowajua, kwenye jengo asilolijua. Alitaka mama akae kwao, na kila faili lililofika lilifutika kule mtandaoni. Basi akabaki ameshika waya, ncha inaning'inia, huku ule mstari wa kijani kwenye kioo ukizidi kusogea.

"Kaka, mbona umeduwaa? Mama ameshaingia?" Mdogo wake wa kike alipaza sauti kutoka jikoni.

Huyu walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na hao wawili ndio waliobaki kwenye nyumba ile.

"Anaingia," fundi alijibu. "Taratibu."

Chiriku alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni, akashikilia wafungue video anayoipenda. Mama yuko jikoni, anamfokea mpiga picha aache upuuzi aje abebe ndoo, kisha anashindwa kujizuia, anacheka mpaka anashika ubavu. Chiriku alicheka naye, akalia, akacheka tena. Lakini macho ya fundi yalikuwa kwenye mlango wa stoo nyuma ya mama. Aliukumbuka umefungwa. Sasa ulikuwa wazi kidogo, kiasi cha mkono kupita.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka hajui aende wapi. Alifunga mlango wa stoo uliokuwa umefungwa tayari. Jumapili asubuhi, Chiriku alipotoka kwenda sokoni, aliketi tena mbele ya kompyuta kuzipitia picha moja moja. Mama na majirani: nyuma yao mlango uko wazi. Mama kitandani hospitalini: mlango wazi zaidi. Chiriku siku ya mahafali yake, uwanjani, mahali ambapo hakukuwa na mlango wowote: mlango wa stoo yao upo, umesimama nyuma ya viti, na kwenye ukingo wake kuna vidole.

Harufu ikamfikia. Nywele zinaungua. Aliangalia jikoni, jiko limezimwa, akaangalia soketi, soketi baridi, akainama chini ya meza, akanusa waya mmoja mmoja kama alivyozoea kazini, na kadiri alivyosogea karibu na kompyuta ndivyo ilivyozidi, nzito, ya kuwasha macho, mpaka akachomoa na waya wa umeme pia, akangoja kioo kizimike, akangoja, na kioo hakikuzimika, bali kikafungua chenyewe video asiyoikumbuka, yenye giza, iliyopigwa kupitia upenyo wa mlango, na hapo akaikumbuka.

Miaka michache nyuma Chiriku alipagawa. Alinyamaza siku nyingi, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa na homa, kisha akaanza kuongea kwa sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu asiye na haraka. Alikataa kula. Alikonda mpaka mama akawa anamgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Madaktari walichoka. Mwishowe mama alimleta mganga, mwanamke mmoja mnene mwenye magoti mabovu, naye kabla hajaanza alitoa onyo kwamba mtu asithubutu kupiga picha. Fundi hakuamini mambo yale. Kazi ikifanyika mle stoo, alirekodi kwa siri kupitia upenyo wa mlango, akitaka aje amwonyeshe daktari upuuzi uliofanyika. Jini lilitoka, Chiriku akapona, simu ikaituma video kwenye hifadhi yenyewe kama ilivyotuma kila kitu, na yeye akasahau.

Kwenye kioo, yule Chiriku mgonjwa aligeuza shingo taratibu akamtazama.

"Huko nilikokaa ni baridi," ilisema ile sauti. "Ahsante kwa kunirudisha nyumbani."

Jumatatu, Chiriku alipokwenda kazini, fundi alikwenda kwa mganga mbio mbio. Alimkuta ukumbini anakanda magoti kwa mafuta.

"Ulirekodi," mganga alisema, kabla fundi hajamaliza kueleza.

"Nilirekodi, mama. Nisamehe."

"Nilisema nini siku ile? Au masikio yako ni ya kushikilia miwani tu?"

Mganga akashusha sauti, akaangalia mlango, akamvuta karibu.

"Sikiliza. Yule alikula kiapo kwangu. Hatamwingia tena mtoto yule mpaka mwenyewe amfungulie kwa mkono wake. Wewe umemfikisha nyumbani. Kwa dada yako bado. Umemwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Naogopa. Alivyoteseka, mama, wewe ulimwona. Akisikia tu limerudi, hofu peke yake itamlaza kitandani. Tulitoe kwanza, ajue likiwa limekwisha."

"Mwambie."

"Nitamwambia."

Walifika nyumbani jua likiwa utosini. Mganga aliketi mbele ya kompyuta, akafukiza ubani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

"Futa," alimwambia. "Kila kilichoingia naye kitoke naye."

"Na mama?"

"Na mama, mwanangu."

Fundi alifuta. Alifuta picha za kazini, za safari, za mahafali, bila kusita, lakini alipofika kwenye ile video ya jikoni alilia waziwazi, mtu mzima mwenye ndevu, akaomba aitazame mara moja tu ya mwisho, na mganga akamshika kifundo cha mkono na kukikandamiza juu ya kitufe mpaka mama akatoweka, na ndani ya kompyuta kitu kikagonga, kikagonga tena, madirisha yakatetemeka kwenye fremu zake, harufu ya nywele ikafunika ubani wote, kisha ghafla pakawa shwari. Walitoa diski, fundi akaiponda kwa nyundo uani.

Mganga hakufurahi. Alisimama akisugua goti.

"Mwaka ule alinitoa jasho kutwa nzima," alisema. "Leo ameondoka kama mgeni aliyeitwa kwingine. Mwambie mdogo wako. Leo hii, usingoje."

Chiriku alirudi saa kumi na moja, mkoba begani, chaki kwenye sketi. Fundi alikuwa amepanga maneno yake mchana kutwa, na alipomwona tu mlangoni yote yakamponyoka.

"Mdogo wangu, kompyuta imeharibika," alisema. "Picha zote zimepotea. Na za mama. Nisamehe."

Alisubiri kilio. Chiriku akatabasamu, akamshika bega.

"Pole, kaka, wala usijitese hivyo. Ile ya jikoni ninayo. Nilijihamishia kwenye simu juzi ulipokuwa unaoga."

Fundi alinyoosha mkono.

"Iko wapi hiyo simu? Nipe. Nipe sasa hivi."

"Mbona unanitisha? Subiri nikusimulie kwanza, maana ni ajabu. Leo mchana watoto walipolala nikaifungua. Kumbe mle mna maneno ambayo hatujawahi kuyasikia! Mama anamaliza kucheka, halafu anasogea karibu kabisa na kioo, hapa, uso mzima, ananiita jina langu. Anasema yuko kwenye baridi, kaka. Anasema mlango umefungwa, niweke kidole nimfungulie."

"Chiriku." Sauti ya fundi ilikuwa mnong'ono. "Ulifanya nini?"

Dada yake alimshangaa, macho yamejaa machozi ya furaha.

"Nilimfungulia. Sasa wewe ulitaka nimwache mama nje?"