Nilipiga Magoti, Wakasema Nimekiri

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mmoja, mjane, mama wa binti mmoja, Tabitha. Hadi leo nikiitwa ofisini nauliza mara mbili kama ni mimi kweli... Naandika hivyo hivyo, huku naogopa.

Kwetu ni Masasi. Nilipata kazi ya umatroni katika shule moja ya binafsi ya bweni huko Newala. Mimi na Tabitha tulipewa chumba pembeni ya bweni. Hatukuwa na kwingine pa kuishi.

Siku hiyo bomba la shule lilikauka, jambo la kawaida huku juu mlimani. Wasichana wakateremka bondeni kuchota maji na mwalimu wa zamu, mimi nikabaki bwenini na wagonjwa. Waliporudi, Hadija wa kidato cha pili hakuwemo. Tulimtafuta mpaka sauti zikatukauka. Mungu wangu, mtoto wa watu!

Asubuhi nikaitwa kwa mkuu wa shule. Walimu walikuwa wamekaa, na mjomba wa Hadija amesimama mlangoni, macho mekundu. Hakuna aliyeniambia nimeitiwa nini. Mjomba akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu asipopatikana, mama, mimi na wewe tutaonana."

Nilikolelewa mimi, mkubwa akikasirika unapiga magoti kwanza na kuomba radhi, hata kama kosa hulijui. Ni adabu tu, habari ya nani kakosa inazungumzwa baadaye. Basi nikapiga magoti. Nikasema, "Nisameheni, baba zangu."

Mkuu akawageukia walimu. "Mmesikia. Amekiri mwenyewe kwamba alimfungulia geti."

Geti? Geti gani jamani? Nilipotaka kusema, akaniambia nisiwapotezee watu muda. Kabla ya mchana godoro letu lilikuwa nje.

Kesho yake Hadija alipatikana kwa shangazi yake, kijiji cha Mkunya, mzima. Akamweleza mama yake kwamba alitoroka njiani, walipokwenda majini. Nikadhani sasa nitaitwa nirudi kazini... Nani aniite, wakati nilishakiri? Sokoni walinong'ona kwamba nauza watoto wa watu. Nilitembea nikigeuka nyuma, nikihisi yule mjomba ananifuata. Tabitha akawa hataki kula.

Jirani mmoja, aliyetupa pa kulala, ndiye aliyenisukuma niende kwa wasuluhishi wa migogoro ya kazi. Mkuu naye akaitwa. Mkuu akasema asiye na kosa hapigi magoti. Msuluhishi, mama mtu mzima, akamuuliza taratibu, "Kabla hajapiga magoti, ulimwambia anatuhumiwa nini?"

Mkuu akakubali kwamba hakuniambia. Akaulizwa kama nilipewa nafasi ya kujitetea, nikiwa na mwenzangu pembeni. Akaulizwa kama yule msichana aliwahi kuhojiwa. Kote akajibu hapana, mwisho akakubali kunirudisha.

Nimerudishwa kazini, lakini hofu haijarudi ilikotoka. Nawasihi, ndugu zangu, ukiitwa ofisini toa heshima yako, kisha uliza unatuhumiwa nini. Omba upewe kwa maandishi, omba muda, omba mwenzako akae nawe. Msamaha wa kosa usilolijua usiuombe kamwe! Nanyi mnaofukuza watu, msikilizeni mtu kwanza, ana watoto huyo.

Siku niliyorudi, mkuu aliniita tena. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, Mama Tabitha."

Nilikuwa nimesimama.