Sauti Iliyoitika Kabla ya Kuitwa

Hadithi hii alinipa shangazi yangu mkubwa, yule mshonaji, aliyewashonea wanamuziki hawa nguo za jukwaani mpaka vidole vikaota sugu. Shangazi hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Akikwambia mvua inanyesha, huna haja ya kuchungulia nje. Kwa hiyo humu kama mna uongo, si wangu, na mwenyewe keshatangulia. Sogeeni basi, na huyo anayevuta shuka aache kuvuta shuka.

Palikuwa na dada wawili. Mkubwa watu walimwita Chiriku, maana alikuwa mwimbaji, na nyimbo anazitunga mwenyewe, kichwani, bila karatasi, huku anaosha vyombo. Mdogo alikuwa mwitikiaji wake. Mkubwa anaimba mstari, kama anayeita; mdogo anampokea, anajibu. Hicho kipande cha kujibu ndicho kiitikio. Miaka thelathini na minane kazi yake ikawa hiyo, hata jina alilopewa na baba yake likasahaulika, watu wakawa wanamwita Itika. Itika kaja? Itika kala? Na yeye akisikia anaitika, basi.

Walikuwa wajane wote wawili, wanaishi nyumba moja, wanagombana kwa vitu vya watu waliozoeana, nani kamaliza sukari, nani kaacha mlango. Ndipo kampuni ya muziki ikaja na neno: nyimbo kumi na mbili zilizovuma kuliko zote zikusanywe kwenye santuri moja, zipangwe kwa miaka, toka ule wa kwanza wa usichana mpaka wa juzi. Wa kumi na tatu utungwe mpya, wa kufungia. Na nyuma ya jalada waandikwe wote waliopiga. Chiriku akasema safari hii jina la mdogo wangu nataka nilione limeandikwa, hata miwani nitanunua. Itika akatabasamu, lakini akainuka kuosha kikombe ambacho bado kina chai.

Siku chache baadaye, asubuhi, Chiriku anamimina chai, akainua kichwa, akageukia ukuta, akasema, "Abee."

Itika akamtazama. "Nani kakuita?"

"Si wewe?"

"Mimi nina mkate mdomoni, dada."

Wakacheka, wakasema uzee huo unabisha hodi. Lakini kesho yake Chiriku akaitika tena akiwa anaanika nguo, na keshokutwa akaitika akiwa bafuni, sabuni machoni. Na kila alipoitika, pale aliposimama palibaki harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbwa sasa hivi, na nyumba yenyewe ni saruji mlango hadi mlango.

Wiki ile ile fundi mitambo wa studio akampigia Itika simu, akamwomba aje, tena aje peke yake. Itika akaenda. Saa sita ya mchana ilikuwa, jua la utosi, lakini chumba cha kurekodi hakina mchana wala usiku. Hakina dirisha la nje, kuta zimepigwa blanketi na trei za mayai, ukikohoa kikohozi kinafia mdomoni. Fundi yule alikuwa mtu mzima, mpole, wa kucheka na vyuma vyake. Siku hiyo hakucheka.

Akamweleza kwamba mikanda ya zamani ina njia nane, kila mtu na njia yake: gitaa hapa, ngoma pale, Chiriku hapa, mwitikiaji pale. Ukitaka unafunga hii, unafungua ile. Akamuuliza kiitikio waliimba wangapi. Itika akasema peke yangu, siku zote. Basi fundi akaweka ule wimbo wa kwanza, ule uliowatoa, akafunga gitaa, akafunga ngoma, akamfunga Chiriku mwenyewe, akaacha njia ya Itika tupu.

Kimya. Mkanda unazunguka, hakuna kitu.

"Njia yako, Mama, haina hata pumzi," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Sasa sikiliza ya nane. Hii kwenye karatasi imepigwa mstari, haikutumika."

Akaifungua. Na mle ndani mtu akaitika.

Ilikuwa sauti tamu, wanangu, sauti ya kike, changa, ile ile ambayo watu waliipenda wakaicheza harusini. Fundi akasema ameisikiliza siku nne akitafuta mahali inapovuta hewa, maana kila mwimbaji anavuta hewa, na hajapaona. Halafu akazipiga zote kumi na mbili kwa foleni, njia ya nane na ya Chiriku tu. Kwenye wimbo wa kwanza sauti ile ilikuja baada ya Chiriku, kama adabu inavyotaka. Wa tatu ilikuwa inamkanyaga kisigino. Wa sita walikwenda sambamba. Wa tisa sauti ikaitika kabla haijaitwa. Na wa kumi na mbili, nywele zikamsimama Itika, sauti ile ndiyo iliyoanza, ndiyo iliyoita, na aliyekuja nyuma anajibu, kwa unyonge kama mtoto aliyetumwa dukani, alikuwa Chiriku. Nyimbo zilipokuwa moja moja, mmoja mwaka huu, mwingine baada ya miaka mitatu, nani angejua? Zilipopangwa mstari ndipo mtu alipoona kuna kitu kinatembea, na kimekaribia kufika.

Itika alitoka mle, akaenda moja kwa moja kwa mpiga gitaa wao, mzee waliyemwita Nyuzi. Akamkuta barazani anabadilisha nyuzi, akakaa chini, akatapika siri yote. Kwamba siku ile ya kwanza aliamka mafua yamemkausha koo, hatoi hata mluzi. Kwamba mlangoni palikuwa na msichana mwingine amekaa, amevaa akapendeza, anangoja apewe nafasi ya Itika. Kwamba aliingia chooni kusukutua maji ya chumvi, saa sita ya mchana vile vile, na katika kuhangaika akasema neno ambalo mtu hulisema tu: yeyote aliyepo hapa, leo aniitikie. Akarudi, mkanda ukazunguka, akachezesha midomo. Mkanda ulipopigwa wote wakasikia kiitikio, wakashangilia, wakamkumbatia. Akala sifa, akanyamaza, na nyimbo zilizofuata akaimba mwenyewe, asijue kwamba aliyemwitikia hakuondoka.

Nyuzi hakushtuka. "Siku ile nilikuwa nimekukabili, mdogo wangu. Koo lako halikutikisika."

"Ukanyamaza?"

"Kiitikio kilikuwa kizuri." Akavuta uzi ukalia. "Kishindo wetu wa ngoma naye alijua. Aliniambia akipiga ngoma kuna mtu anampumulia kisogoni, na pumzi yenyewe haina joto. Tukaona tukiuliza kitaondoka. Muziki ukishakukolea, unaona na unajifanya kipofu."

Ndipo wakaenda kwa mganga. Alikuwa mwanamke mwembamba kama ufito, anachambua mchele, na muda wote waliozungumza hakuacha kuchambua. Aliwauliza kitu kimoja tu: walipokialika walikipa jina? Hawakukipa. Akatikisa kichwa. Akasema kitu kisicho na jina hutafuta la mtu. Kilianza na kazi ya mdogo, sasa kimeshika kazi ya mkubwa, na huo wimbo wa kumi na tatu ndio mlango. Kikiita mara tatu mle chumbani kikaitikwa, Chiriku atabaki kwenye mkanda, na kitakachorudi nyumbani kitakuwa kimevaa gauni lake na kitajua hata chumvi anapoiweka.

"Kiacheni kiite," mganga akasema. "Ila kisiitikwe. Mgeni akibisha hodi akakuta kimya, ataona haya, ataondoka."

Itika akauliza, na dada yangu akishindwa kujizuia?

"Mfungeni mdomo, hiyo kazi ndogo. Simhofii yeye. Mwenyeji wake ni wewe. Mara ya tatu kitakuita wewe."

Kumwambia Chiriku ndiko kulikokuwa kugumu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Halafu akasema, "Miaka thelathini na minane nalisifia lile koo mbele za watu." Akaenda kuosha vyombo bila wimbo. Jioni akamwekea mdogo wake chakula, akasema keshokutwa tutakwenda pamoja.

Siku yenyewe, saa sita, wakaingia. Nyuzi na gitaa lake, Kishindo na ngoma zake, fundi nyuma ya kioo, Chiriku kwenye kiti katikati na leso imekunjwa imemfunga mdomo, Itika mbele yake. Fundi akawasha mkanda. Hakuna aliyepiga wala aliyeimba. Mkanda unazunguka, taa nyekundu inawaka, na wao wanasikia damu zao wenyewe masikioni.

Kwanza ikaja harufu. Udongo mbichi, ukapanda toka miguuni kama maji yanayojaa. Halafu kwenye spika, katikati ya ule mvumo wa mkanda mtupu, sauti ya mwanamke mzee ikaita, na dada wote wawili wakaijua, ilikuwa ya mama yao marehemu, ikiita kama anayetoka jikoni na mikono ina unga, ikimwita Chiriku kwa jina la utotoni ambalo hapakuwa na mtu hai aliyelijua ila wao wawili, na Chiriku akaruka kitini mwili mzima, leso ikatutumka, Nyuzi na Kishindo wakamkamata mabega wakamkalisha. Ikaita mara ya pili, na safari hii haikuwa kwenye spika, ilikuwa mle chumbani, nyuma ya blanketi la ukutani, na blanketi likatoka kifua kwa nje kama kuna mtu anaegemea, na ngozi ya ngoma ya Kishindo ikaanza kutetemeka yenyewe bila kuguswa, na fundi nyuma ya kioo wakamwona amefumba macho midomo inacheza dua.

Halafu ya tatu.

"Itika."

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Tena si ya Chiriku wa jukwaani, ilikuwa ya Chiriku wa miaka tisa, walipokuwa wanalala mkeka mmoja na mkubwa ndiye aliyekuwa mwoga wa giza, anaita kwa kunong'ona ajue kama mwenzake bado yu macho. Na katika maisha yake yote Itika hajapata kuiacha sauti hiyo bila jibu, na jina lenyewe si la utotoni, ni lile la kazi, Itika, ukiitwa umeshaamrishwa, na ulimi wake ukainuka wenyewe mdomoni kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Akaubana kwa meno. Sauti ikasogea sikioni, ikasema, "Itika, siwezi kuvuta pumzi," na Itika akamtazama dada yake pale kitini, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama, leso imelowa, na hakuweza kujua, wallahi hakuweza kujua, kama hiyo ni hila au ni dada yake kweli anakufa mbele yake kwa leso aliyomfunga yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Akanyoosha mkono aifungue. Chiriku akatikisa kichwa. Polepole, mara moja: usifungue.

Itika akauma ulimi mpaka damu ikamshuka kidevuni, na hakuitika.

Basi kikakaa. Kikangoja kama mtu mlangoni anayesikiliza kama ndani kuna watu. Kisha blanketi likarudi ukutani, ngoma ikatulia, na wakasikia kitu kama pindo la gauni linaburuta sakafuni kupita kati yao, kwenda mlangoni. Harufu ikakatika kama umeifunga chupani. Mkanda ukafika mwisho, ukawa unapiga tap, tap, tap.

Wakamfungua Chiriku. Akahema, akahema, kisha akamwuliza mdogo wake leso hiyo aliifua na sabuni gani, maana ladha yake ni adhabu. Wakacheka huku wanalia.

Fundi akasikiliza njia ya nane kwenye nyimbo zote. Tupu. Ule wa kwanza ukabaki na pengo, Chiriku anaita na hapana jibu. Ulimi ulipopona, Itika akaingia chumbani peke yake akaliziba pengo kwa sauti yake ya kizee, yenye mikwaruzo, inayovuta hewa kila neno. Fundi akataka kuzifuta zile pumzi. Chiriku akamkataza. Kiitikio hicho, akasema, nimekisubiri toka usichana wangu.

Wimbo mpya hawakuurekodi. Santuri ikatoka na kumi na mbili, na nakala ya kwanza wakaletewa nyumbani. Shangazi yangu alikuwepo, amekuja kupima magauni ya sherehe. Kusoma hakujua, kama mimi, kwa hiyo alimwomba Itika amsomee nyuma ya jalada. Itika akasoma: gitaa, Nyuzi. Ngoma, Kishindo. Halafu akafikicha macho. Shangazi akadhani ni machozi ya furaha. Akamwambia soma, mwenzangu. Itika akasoma kwa sauti ndogo: "Kiitikio, Itika na wengineo."

Akapiga simu kampuni hapo hapo. Akauliza nani kawaambia waandike hivyo, kiitikio aliimba peke yake. Yule karani akashangaa. Akasema, "Lakini Mama, si ulipiga mwenyewe? Asubuhi ile tulipokuwa tunapeleka jalada kiwandani. Ulisema tuongeze hilo neno. Nami nikasema moyoni, huyu Mama kweli mwimbaji, anaongea muda wote huo hapumui."

Basi. Zilikuwa zimeshapigwa nakala elfu ngapi sijui, na leo ziko majumbani mwa watu, na kile kisicho na jina kimo mle, kimeandikwa.

Haya, laleni. Na wewe wa ukutani, geuka mpe mwenzako nafasi. Hapana, santuri yenyewe siijui iko wapi, msiniulize. Fumbeni macho, taa nitazima mimi.