Mabao ya Jezi Namba Tisa

Mchezaji wa kwanza alichomoza katikati ya uwanja kama moshi wa ubani. Akapata miguu, akapata jezi, akapata mpaka jasho la shingoni. Akafuata wa pili, wa tatu, hadi wakatimia ishirini na wawili pamoja na mwamuzi wao mwenye kitambi, wote wameumbwa kwa nuru, wanakimbia juu ya nyasi za kweli bila kulaza hata jani moja. Mechi hiyo ilichezwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na sasa ilikuwa inachezwa upya, asubuhi ya Jumamosi, kwenye uwanja mtupu wa Chuo cha Ufundi Mindu, Morogoro, mji kasoro bahari.

Mtambo uliofanya maajabu hayo uliitwa mfufuzi. Ulikusanya vipande vya video walivyorekodi mashabiki kwa simu zao enzi hizo, sauti za watangazaji, hata zile kelele za jukwaani, ukavishona pamoja kama fundi anavyounga vitenge, kisha ukaitandaza mechi nzima uwanjani. Akili unde iliyouendesha haikuwa na jina rasmi, ila wanafunzi waliibatiza Shangazi, maana ilijua mambo ya kila mtu na mdomo wake haukuwa na mlango.

Aliyeujenga ni mhandisi Honorata Mloka. Asubuhi hiyo alikaa jukwaani peke yake, kikombe cha tangawizi mkononi, akifanya uhakiki wa mwisho. Alasiri wahitimu wa miaka yote wangejaa hapo kwa jubilei ya chuo, na mabao sitini na moja ya mfungaji bora katika historia ya Siafu, timu ya chuo, yangefufuliwa moja baada ya jingine. Halafu rekodi ingepigwa muhuri kwenye Hazina Anga, setilaiti inayotunza takwimu za michezo za vyuo vyote vya Afrika Mashariki. Vyuo vilishachoshwa na watu wa kupika takwimu, ndiyo maana vikarusha chombo ambacho kikishapokea jambo, hakuna waziri wala mganga wa kulibadilisha.

Mfungaji huyo aliitwa Gaudensi Mloka, maarufu kama Gao. Sanamu yake ilisimama getini. Na alikuwa babu yake Honorata, mzaa baba.

"Honorata," Shangazi aliita kutoka kwenye spika. "Nina jambo hapa. Niseme au nikae nalo?"

"Lini umewahi kukaa na jambo?"

"Basi nasema. Jezi namba tisa ni watu wawili."

Honorata aliweka kikombe chini.

Shangazi alieleza. Kila mtu ana alama ya mwendo, namna anavyotupa mguu, anavyoinamisha bega, anavyovuta pumzi kabla ya kuruka. Mama humtambua mwanawe kwa hatua zake tu kabla hajapiga hodi. Mfufuzi hufanya hivyo hivyo, ila kwa hesabu. Mabao thelathini na nane yalifungwa na Gaudensi Mloka. Mabao ishirini na matatu, yote ya msimu ule wa kombe, yalifungwa na mtu mwingine mrefu kama yeye, aliyenyoa kipara kama yeye, ila huyo hushusha bega la kushoto kabla ya kupiga shuti.

"Umejuaje kama si babu aliyebadilisha mtindo?"

"Kwa sababu huyo mwingine namwona kila mechi hadi leo. Hukaa jukwaa la magharibi, ubavuni kwa babu yako, na hulishusha bega lile lile akipanda ngazi."

Honorata hakuhitaji kutajiwa jina. Babu Sefu. Sefu Chanzi, fundi pampu mstaafu, ambaye alikula chakula cha mchana kwao tangu Honorata hajaota meno, na ambaye hakuna harusi wala msiba wa ukoo wa Mloka uliopita bila yeye kugombana na wapishi.

Alimpigia Mkurugenzi wa Michezo, Dakta Benadetha Nyoni. Uso wa Dakta ukatokea hewani, nywele bado ziko kwenye vibanio.

"Mamluki?" Dakta alinong'ona, kana kwamba setilaiti ilikuwa inasikiliza. "Honorata, mama, kanuni unaijua. Bao la mamluki asiyesajiliwa linafutwa, na mechi inafutwa. Kombe la mwaka ule ndilo pekee tulilonalo! Nimealika mawaziri wawili na ng'ombe ameshachinjwa."

"Lakini ni uongo, Dakta. Na tukiugongea muhuri leo, ndiyo basi tena."

"Zima hicho kipengele cha mwendo. Onyesha mabao, gonga muhuri, watu wale pilau. Unataka kumvua nguo babu yako mwenyewe mbele ya halaiki?"

Hapo ndipo palipomkaba. Ya kombe angeyamudu. Ila yule mzee alikuwa amelelewa na rekodi ile kama wengine wanavyolelewa na pensheni. Kinyozi hakumtoza, watoto walimwita Gao kabla hawajajua kusema shikamoo.

Mchana alikwenda nyumbani. Wazee wawili walikuwa mezani wanalumbana kuhusu kachumbari, na roboti mpishi imesimamishwa kwenye kona, mikono imefungwa aproni, kwa kosa la kuweka sukari kwenye nyanya.

"Mke wangu huyo!" Babu Sefu alishangilia. "Njoo uamue. Kachumbari bila pilipili ni kachumbari au ni majani?"

"Shikamooni," alisema Honorata, akakaa. Hakujua kuzunguka mbuyu. "Mfufuzi umewaona wote wawili. Kwenye jezi moja."

Kijiko cha Babu Gao kilibaki hewani. Sefu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi.

"Hiyo mashine yako haina adabu, mke wangu. Miaka yote hii refa hakuniona!"

Akamsimulia, kwa mbwembwe zake, lakini macho yakiwa kwenye sahani. Mwaka wao wa pili, Sefu alidisko, yaani chuo kilimwondoa kwa kufeli Hisabati mara mbili. Nyumbani hakuthubutu kusema. Gao akambeba hosteli, wakalala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, kama dagaa kwenye pakiti. Msimu ulipoanza Gao akavunjika ugoko mazoezini. Kocha akaangalia leseni ya Gao yenye picha ndogo kama ukucha, akamwangalia Sefu, akasema, "Wewe kuanzia leo huumwi."

"Nikawa Gao," Sefu alisema. "Nafunga, uwanja mzima unaita Gao. Nikageuka kama kweli ni mimi."

"Na hiyo tu?" Honorata aliuliza, maana alimwona babu yake amekunja ngumi juu ya meza.

"Mwambie na ile ya Dar," Babu Gao alisema kwa sauti ya chini.

"Achana nayo."

"Basi nitamwambia mimi. Alikuja mtu wa klabu kubwa, mke wangu. Alimwona namba tisa kwenye fainali akachanganyikiwa. Akaandika jina aliloliona kwenye karatasi ya timu: Gaudensi Mloka. Nikaenda kwenye majaribio na mguu ambao haujaunga. Dakika kumi wakanirudisha. Aliyetakiwa alikuwa amelala hosteli, chini ya kitanda, anamkwepa mlinzi."

Ndiyo kusema, Honorata aliwaza, gharama ya ile sanamu pale getini ilikuwa maisha mazima ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa hapa anachokonoa kachumbari.

"Gonga muhuri, mke wangu," Sefu alisema hatimaye. "Mimi nimezeeka na hili, limeshakuwa godoro langu. Ukilifumua leo, unamtoa huyu bwege kwenye sanamu yake, na mimi sipati timu tena."

Babu Gao aliondoka mezani, akaenda kutafuta koti.

Alasiri uwanja ulifurika mpaka kwenye ngazi. Wahitimu walipakatana, wakipigana mabega, wakiulizana nani kaoa tena na nani kafilisika. Hata Chuo cha Mvuha, watani wa jadi waliofungwa kwenye fainali ile, walileta wazee wao na vuvuzela. Ndege-taksi zilizunguka juu zikitafuta pa kutua kama kunguru mnadani. Dakta Nyoni, sasa amesukwa na kupambwa, alimnong'oneza Honorata kwenye kibanda cha mitambo, "Umezima?"

Kidole cha Honorata kilikuwa juu ya swichi ya kipengele cha mwendo, na kidole hicho hakikujua kwenda mbele wala nyuma.

Mindu walikuwa na desturi yao. Bao likifufuliwa, mfungaji wake husimama pale alipokaa, na uwanja mzima humpigia makofi matatu ya pamoja. Marehemu alisimamiwa na mtoto wake. Bao la kwanza la Gao lilipolia wavuni, mzee alisimama, akapunga mkono. Pa! Pa! Pa! La pili, akasimama. Ikaenda hivyo, nuru ikikimbia, mzee akisimama na kukaa mpaka watu wakamtania, "Gao, magoti hayo!"

Ukafika msimu wa kombe. Namba tisa wa nuru akapokea mpira nje ya boksi, akashusha bega la kushoto, akawaacha mabeki wawili wanatafutana, akapiga. Wavu ukatikisika.

Babu Gao hakusimama.

Makofi yalibaki mikononi mwa watu. Mzee aliweka mikono magotini, kisha akamgusa jirani yake kwa kiwiko.

"Simama, bwana. Bao lako."

Sefu akatikisa kichwa, akajishikilia kwenye kiti kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Honorata akaona mkono wake mwenyewe unaachia swichi. Akatamani ardhi impasukie babu yake aingie.

Halafu sauti ya mama mmoja mnene ikapaa kutoka safu ya nyuma, ya kundi lao la mwaka ule ule.

"Sefu, simama basi, unatuchelewesha! Mimi nilijua tangu siku ile!"

"Ulijua nini wewe?" mzee mwingine akamrukia. "Mimi ndiye nilikuwa nalala chumba kile! Nilidhani najua peke yangu!"

"Peke yako wapi? Mpishi wa kantini alijua!"

Jukwaa la magharibi likageuka soko. Kila mmoja alikuwa ameitunza siri ile miongo yote, akikihurumia chuo kizima kwa kutojua, kumbe chuo kizima kilikuwa kinamhurumia yeye. Aliyekuwa hajui ni takwimu tu.

Dakta Nyoni alinyakua kipaza sauti, jasho likimharibu poda. "Ndugu wahitimu! Kanuni inasema mabao ya mamluki yanafutwa, na kombe..."

"Kombe aende nalo nani?" Ni mzee wa upande wa Mvuha, nahodha wao wa fainali ile, amesimama na vuvuzela kwapani. "Sisi? Kipa wetu siku hiyo alikuwa dereva wa basi letu! Ukianza kufuta, mama, utafuta mpaka hilo jukwaa uliposimama!"

Watu walicheka mpaka mawaziri nao wakacheka. Dakta Nyoni alibaki na kipaza sauti mkononi, akautazama uwanja uliojaa watu wanaojua ukweli, akaelewa kwamba cha kuficha hakipo tena. Akamgeukia Honorata.

"Hazina Anga inakataa mtu asiye na namba ya usajili. Tufanyeje?"

"Inakataa kwa sababu tuna safu moja tu, ya waliosajiliwa," Honorata alisema. "Muhuri haujagongwa. Tufungue safu ya pili, ya waliocheza. Mfufuzi utathibitisha mwendo, na walioona wataweka viganja."

"Nani atakubali kuweka kiganja kwamba alishuhudia udanganyifu?"

Honorata aliutangaza utaratibu huo. Kwenye kila mkono wa kiti palikuwa na kioo cha kutambua kiganja. Safu ya nyuma ikawaka kijani, ikafuata ya mbele yake, ikaruka ng'ambo kwa watu wa Mvuha, na mwisho jukwaa zima la magharibi likang'aa kama shamba la mpunga baada ya mvua. Wapo waliokuwa hawajazaliwa mwaka ule nao wakaweka viganja, Shangazi akawakataa kwa jina, mmoja mmoja, bila haya.

"Mfungaji," Shangazi alitangaza, na sauti ikatambaa uwanja mzima, "Sefu Chanzi."

Babu Sefu alisimama. Makofi matatu yalimwangukia, halafu yakasahau idadi, yakaendelea.

Muhuri uligongwa jua likiwa bado liko juu ya milima ya Uluguru. Ubao ukaonyesha safu zote mbili. Gaudensi Mloka alikuwa ameshuka hadi nafasi ya tatu, na juu kabisa palikuwa na Hamza Kilongola, mshambuliaji wa zama za nyuma, ambaye mwenyewe hakuwepo kujitetea.

"Kilongola!" Babu Gao aligumia. "Mtu asiyejua kupiga kichwa!"

Honorata aliwafuata jukwaani. Alitaka kumwambia babu yake pole, lakini mzee alimpa nafasi akae, akamshika mkono, macho hayatoki uwanjani. Bao la fainali lilikuwa linachezwa tena. Namba tisa aliruka juu ya kipa-dereva, akaugeuza mpira hewani kwa kisigino, akaanguka chali huku tayari anacheka.

Sefu aliegemea mbele. Enzi zile walifuta kila video waliyoweza kuipata, kwa kuogopa kukamatwa, na hadi alasiri hiyo hakuwahi kujiona akicheza hata mara moja.

"Kumbe nilikuwa mzuri," alisema taratibu, kama anayemsifu mtoto wa jirani.

"Mzuri sana," Gao alisema. "Mimi nilikuwa na leseni tu."