Jina la Babu IJsbrand

Kila alasiri Fenna alipotoka shuleni mjini Kampen, aliegemeza baiskeli ukutani pa karakana ya uchapaji, akaketi kando ya baba yake, Wolter. Baba aliandika matini kwenye kompyuta, na katikati ya matini hayo akapachika programu ndogo za kuiamuru mashine: hapa nenepesha herufi, pale ongeza nafasi. Fenna naye alikwisha kujifunza kuziandika.

Juma lile hapakuwa na utani karakanani. Babu IJsbrand, baba yake Wolter, alikuwa amefariki. Kadi za msiba zilitakiwa kuingia posta kabla ya jioni, la sivyo jamaa wa mbali wasingepata habari ya maziko kwa wakati.

"Baba, niachie majina," Fenna alisema. "Yaandike kwa herufi ndogo tu. Programu yangu itakuza herufi ya kwanza ya kila jina."

"Haya. Ila ijaribu kwa jina la babu yako. Unajua lilivyo na vituko."

Fenna akaijaribu kwa jina lake mwenyewe. Likatoka safi. Akaona yatosha.

"La Babu umejaribu?"

"Ndiyo, Baba."

Macho ya Baba yalikuwa mekundu kwa kilio. Hakukagua, akachapa.

Kadi ya kwanza walimpelekea Bibi Aaltje, mjane wa Babu. Bibi alisogeza kando kikombe cha kahawa, akavaa miwani.

"Ijsbrand? Huyu ni nani? Mimi sikuolewa na huyu!"

Baba akaitazama kadi, akaona J imebaki ndogo, akanywea. Katika lugha yao, I na J zikianza jina huwa kama herufi moja: ya kwanza ikisimama kwa herufi kubwa, ya pili nayo husimama.

"Marehemu alimrudishia fundi kibao cha mlangoni chenye jina lake kwa kosa hilihili," Bibi alisema. "'J yangu haipigi magoti,' akamwambia. Leo mmempigisha magoti hata kaburini hajafika."

"Ni mimi, Mama," Baba alisema, sauti ikikatika. "Baba yangu mwenyewe nimeshindwa kumwandika."

Fenna aliishika ile kadi. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mabega ya Baba yalikuwa yakitetemeka.

"Si Baba, Bibi. Aliniambia nijaribu jina la Babu. Nikasema nimejaribu. Nilidanganya."

Baba alimgeukia. "Ungesema tu hujajaribu, mwanangu. Ningekungoja."

Walirudi karakanani. Fenna akaongeza amri katika programu: jina likianza na i na j, zikuze zote mbili. Akaijaribu kwa jina la Babu, kisha kwa jina la mto IJssel unaopita mjini, na Baba akakagua kwa kidole, neno kwa neno. Kadi mpya zikaingia posta ikikaribia kufungwa.

Bibi alipopokea yake, alilipapasa lile jina. "Sasa ndiye," alisema, akalia kimyakimya. Kisha akamvuta Fenna karibu.

"Mjukuu wangu, kosa la herufi lina dawa, maana huonekana. 'Ndiyo' ya uongo haionekani. Humwangukia yule anayekuamini. Leo imemwangukia baba yako, siku anayomlilia baba yake. Nenda kaketi naye."

Fenna akaenda.