Tangazo la Tatu la Ndoa ya Mama

"Tangazo la tatu na la mwisho," katekista akasoma. "Teodori Sikazwe, mgane, wa Kaengesa, anataka kufunga ndoa na Marsiana Kapele, mjane, wa Malangali. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko."

Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ya kanisa, begi begani, vumbi la safari bado liko kwenye nywele. Nikamgeukia Janeth, jirani yetu anayeuza vitenge sokoni.

"Janeth, hapa Malangali kuna Marsiana Kapele wangapi?"

"Wangapi tena? Si mama yako huyo! Hongera, bibie. Umekuja kimya kimya, ee?"

"Mama yangu anaolewa?"

"Jumamosi hii. Acha kunizuga, Albina, kwani wewe si mtoto wake?"

Mtoto wake ndiyo mimi, tena wa pekee. Na nilikuwa sijui lolote!

Jamani, kuna kushtuka, halafu kuna kile kilichonipata mimi asubuhi ile. Mama kuolewa lingekuwa jambo moja, baba yangu alishatangulia siku nyingi. Lakini Teodori Sikazwe wa Kaengesa ni baba yake Valerian. Na Valerian ndiye mwanaume wangu, mwaka wa pili sasa, ambaye mwezi unaofuata alikuwa atume mshenga kwa mama huyo huyo.

Niwaeleze ilivyokuwa. Mimi naishi nje ya nchi. Watu wa kwetu Sumbawanga hunicheka nikisema hivyo, maana nje yenyewe ni Mbala, Zambia, hapo tu ukivuka mpaka wa Kasesya. Lakini nje ni nje. Napika kwenye gesti ya watu, nalipwa kwacha, naongea Kibemba cha kuokoteza, na mpakani nagongewa muhuri kama wanaokwenda Ulaya. Kila baada ya wiki napata Jumamosi na Jumapili zangu. Wikiendi moja naipeleka kwa mama. Inayofuata naipeleka Kaengesa kwa Valerian, anayekaa kwake mwenyewe mbali na baba yake, na mama namwambia nina zamu.

Mama naye siku hizi alikuwa na neno lake kwenye simu: "Usijisumbue kuja mwanangu, nauli ghali, pumzika." Nikajua ananihurumia. Kumbe mama na mwana tulikuwa tunadanganyana wikiendi!

Hii ilikuwa zamu ya Valerian. Ijumaa akanitumia meseji: "Mpz wikiendi hii usije, kuna shughuli ya ukoo." Nikasema basi, ngoja nimshtukize mama. Nikavuka Jumamosi, nikalala Matai kwa rafiki yangu Angela, alfajiri nikapanda Noah ya kwanza. Nikafika kanisani kushtukiza, nikashtukizwa mimi.

Nikatoka nje, nikamwandikia Valerian:

"VALE BABA YAKO ANAMUOA MAMA YANGU!!! WAMETANGAZA KANISANI SASA HIVI!!!"

Akajibu: "Uko Sumbawanga??"

Kabla sijaandika neno, nyingine ikaingia: "Usiongee na mtu yeyote. Nakuja."

Niliisoma tena na tena. Hakuuliza mama yako yupi. Hakuuliza imekuwaje.

Mama alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango wetu.

"Albina! Umeingia lini, mwanangu?"

"Niliingia wakati wa matangazo."

Funguo zikamdondoka.

"Kwa hiyo umesikia."

"Na waliokuwa barabarani wamesikia, mama!"

"Ingia ndani, keti."

"Siketi!"

Akafungua mlango, mimi nyuma yake, akaweka kitabu chake cha sala mezani, akabaki amekishika.

"Nilitaka nikuambie uso kwa uso. Kila ukija mdomo unakuwa mzito. Mtu mzima kama mimi namwambiaje mtoto wangu kwamba nimependa?"

"Umempenda kweli?"

Akainamisha kichwa, akacheka kidogo. Sikuwahi kumwona mama yangu akicheka vile.

"Tulikutana kwenye jubilei ya masista, mwaka jana. Ananisikiliza, Albina. Nikimwambia viwavi wameingia kwenye mahindi, wiki inayofuata ananiuliza wale viwavi wameishia wapi."

Roho iliniuma. Lakini nilikuwa na langu, na lilikuwa limenikaba.

"Mama, huyo Teodori ana kijana anaitwa Valerian."

"Namfahamu. Mwezi wa sita alikuja na baba yake kunisalimia. Akala ugali hapo hapo ulipo. Kijana mpole."

Hapo sasa nikaketi bila kuambiwa.

"Valerian amekula humu ndani?"

"Ndiyo. Unamjua?"

"Mama, huyo ndiye mchumba wangu."

"Yesu na Maria! Unasema nini wewe?"

"Zile zamu za Mbala hazikuwa zamu, mama. Nilikuwa Kaengesa."

Mama alishika ukuta. Akanyoosha kidole kwenye picha yangu ya kipaimara iliyotundikwa juu ya kabati.

"Lakini aliiona hiyo. Akaniuliza, 'Huyu ni binti yako?' Nikamwambia ndiyo, yuko Zambia. Akaitazama sana. Akasema, 'Mzuri.' Halafu akaendelea kula."

Nikahisi baridi, na si ile ya kwetu Ufipa. Tangu mwezi wa sita! Nimelala kifuani kwake wikiendi ngapi tangu mwezi wa sita?

Mama akauacha ukuta, akasogea mbele yangu.

"Haiwezekani wote wanne tukaoana. Mkiwa watoto wa nyumba moja, mtaoanaje? Hata paroko akikubali, ukoo utatutemea mate. Lazima mmoja apishe." Akajifunga khanga vizuri. "Mimi nimeshaolewa, nimeonja. Kesho asubuhi naenda kwa paroko, nalifuta tangazo."

Hapo ndipo mtoto mwema angesema, "Hapana, mama." Mimi sikusema. Nampenda mama yangu kuliko pumzi, lakini nilimtaka Valerian, na nikanyamaza.

"Labda ndivyo Mungu anavyotaka," akaendelea. "Maana tangu tangazo la kwanza kuna maneno."

"Maneno gani?"

"Yametoka huko huko Kaengesa. Eti nina mkono mchafu. Eti baba yako nilimla mwenyewe, na Teodori ndiye anayefuata."

"Nani kasema?"

"Maneno kama hayo yana mwenyewe basi? Juzi bombani wanawake waliondoa ndoo zao nilipofika. Siku hizi nalala taa inawaka."

Baba alikufa kwa ini, hospitali, mimi nimemshika mkono. Na kwetu huku, neno hilo likishamkaa mwanamke mjane, si neno la kucheka nalo. Kuna waliozikwa kwa sababu yake.

Pikipiki ikalia nje. Valerian huyo, jasho linamtoka. Nikamfuata kwenye uzio kabla hajapiga hodi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tulia kwanza, mpenzi wangu."

"Tangu lini, Valerian!"

"Tangu nilipoiona picha yako."

"Na ukanyamaza!"

"Ningekuambia ungeniacha. Ungesema mama kwanza, mimi nakujua. Nikasema nilimalize mwenyewe, kimya kimya, wewe usiumie."

"Ulimalize vipi?"

"Nilikuwa naongea na mzee, basi. Achana na hayo. Mama kasemaje?"

"Kasema kesho anajitoa."

Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Asante Mungu! Si umeona? Limekwisha."

Akanikumbatia. Na nisiwadanganye, nilikubali kukumbatiwa, hata machozi yakanitoka kwa kitu kama nafuu.

"Hodi hapa!"

Tukaachiana. Bodaboda ilikuwa imesimama, na mzee mmoja mwembamba mwenye kofia anashuka, ndoo ya maharage mkononi. Akatutazama.

"Vale? Si umeniambia unakwenda Laela?"

"Baba... tuingie ndani. Kuna jambo."

Tukaingia. Mama alimpokea ile ndoo bila kumtazama usoni. Mzee Teodori akalijua hilo mara moja.

"Marsiana, kuna msiba?"

Valerian akawahi kusimama katikati ya sebule.

"Baba, naomba usikasirike. Mimi na Albina tumependana kabla yenu. Mama amekubali kuwapisha vijana. Naomba baraka zako, nimuoe."

"Umuoe nani?"

"Albina, baba. Huyu hapa."

"Huyu ni binti wa nani?"

"Baba, si unaona mwenyewe..."

"Nimekuuliza, ni binti wa nani?"

"Wa mama Marsiana."

"Marsiana yupi?" Mzee akavua kofia. "Huyu uliyenikalisha chini mwezi wa saba ukaniambia ni mchawi?"

Nilisikia vizuri. Mwili wangu ndio uliokataa kusikia.

"Baba, hayo tutaongea nyumbani..."

"Si ulisema umefanya uchunguzi wako? Kwamba mumewe hakuugua, aliliwa? Ukazunguka kwa shangazi zako wote kuwapa habari hiyo hiyo, wakaja kunililia nisikanyage hapa? Ni huyu, au kuna Marsiana mwingine?"

Valerian akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Kwangu mchawi, kwako mama mkwe! Kweli, mwanangu?"

Mama alikuwa bado ameshika ile ndoo. Akaiweka chini taratibu.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilikunawisha mikono mwenyewe. Ulikula, ukashukuru, ukaenda kusema hayo?"

"Mama, sikumaanisha vibaya. Nilitaka tu mzee akate tamaa. Basi!"

"Basi?" Hiyo sauti ilikuwa yangu, ingawa sikuitambua. "Mama yangu analala taa inawaka, Valerian! Unajua mwanamke akishasemwa hivyo anaweza kufika wapi?"

"Nilifanya kwa ajili yetu, Albina."

"Yetu? Wangemjia na mapanga, ungekuja kunishika mkono makaburini, uniambie pole, kwa ajili yetu?"

"Nakupenda. Nilichanganyikiwa, nakupenda!"

Nilijua ni kweli. Ndilo lililoniogopesha. Nikamgeukia mama.

"Kesho huendi kwa paroko."

"Usiamue kwa hasira, mwanangu. Unampenda huyu."

"Nampenda, mama, na ndicho kinachoniua. Lakini mtu aliyeitazama picha yangu ukutani akasema mzuri, akatoka hapo kwenda kukuchimbia kaburi, mimi nitamgeuziaje mgongo nikasinzia?"

Valerian akapiga magoti. Sikumtazama, maana ningemtazama ningelegea. Nikamwambia mzee:

"Baba, mimi nina ombi moja tu. Maneno yaliyotoka kwenu yarudi kwenu. Huyu azunguke kwa shangazi zake wote, awaambie kwa mdomo wake kwamba alidanganya, na kwa nini."

"Atazunguka," mzee akajibu. "Na mimi nitakuwa nyuma yake."

Nilipiga simu Mbala kuomba ruhusa ya wiki nzima. Madamu mwenye gesti akauliza kama ninaolewa. Nikamwambia hapana, anaolewa mama. Alicheka mpaka simu ikakata, nami nikakaa pale nje nikalia kwa kwikwi.

Meseji za Valerian zikawa zinaingia.

"Nimemaliza kwa shangazi wote. Wamenitukana mpaka basi."

"Albina nimemuuliza paroko. Sheria ya kanisa haitukatazi."

"Nijibu hata tusi."

Hiyo ya paroko ndiyo iliyonitesa, kwa sababu ilinionyesha mlango uko wazi. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikatuma maneno machache: "Sikukataa kwa sababu ya sheria."

Jumamosi mama alivaa gauni la rangi ya maziwa, mimi nikamshikia maua. Shangazi wa Kaengesa walikuja gari zima. Yule mkubwa wao alimfuata mama mlangoni mwa kanisa, akampigia magoti mbele ya watu, na mama akamwinua. Mzee Teodori aliposema "ndiyo" alisema kwa sauti kubwa mno mpaka watu wakacheka. Nililia. Walidhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha.

Ukumbini ukafika wakati wa utambulisho. Emsii alikuwa mshikaji wa mjini, mdomo hauchoki.

"Upande wa bwana harusi, kijana wake Valerian! Yuko wapi? Upande wa bibi harusi, binti yake wa pekee, ametoka nje ya nchi huyo, Zambia! Njooni katikati. Kuanzia leo hakuna cha huyu wangu, huyu wako. Msalimianeni, ndugu!"

Tukasimama tumetazamana. Suti ilikuwa inampwaya, alikuwa amekonda kwa wiki moja. Akaninong'oneza kabla kipaza sauti hakijafika:

"Neno moja tu, Albina. Bado hatujachelewa."

Harufu yake ilikuwa ile ile. Nilitamani kukimbia, na nilitamani kumshika. Nyuma yake nilimwona mama kwenye kiti cha bibi harusi, amekaa mbele za watu wale wale waliomwondolea ndoo, na hakuna aliyemwogopa.

Emsii akaweka kipaza sauti katikati yetu. Nikakunja goti kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, kaka."

Vigelegele vikalipuka ukumbi mzima. Halafu vikatulia, watu wakawa wanasubiri aitikie. Valerian akamtazama baba yake. Akamtazama mama. Akanitazama mimi, na mimi sikuyaondoa macho.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, dada."