Gongo Lisilo na Muhuri

Siku ya soko mjini Machakos mtu hasimami njiani akafikiri, atasukumwa. Mbula alikuwa amesimama hata hivyo, kitenge cha manjano kimefungwa kiunoni, ameinama juu ya lundo la vifaa vya michezo vya mitumba. Alikuwa ameona gongo jekundu la softiboli linang'aa chini ya viatu kuukuu. Alipolivuta, likamvuta naye. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na mkono wa mwanamume.

"Achilia hiyo, mama," akasema mwenye mkono. "Hiyo itakataliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mbula akainua macho. Mbele yake palikuwa na mzee mrefu, kofia ya kijivu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama.

"Na wewe ni nani wa kukatalia watu vitu sokoni?"

"Naitwa Erastus. Ndio mimi nakagua vifaa kwa mashindano ya wazee. Hiyo gongo ni ya vijana. Ukigonga nayo, mpira inamrudia mrushaji kabla hajainua mkono, na warushaji wetu wako na magoti mabaya." Akafukua lundo, akatoa jingine la rangi ya kijivu, limechunika. "Chukua hii. Unaona muhuri ya chama hapa juu ya mshikio? Bila hiyo muhuri, huingii uwanjani."

"Mbona ni mbaya hivi?"

"Haipatani na kitenge yako, hiyo nakubali."

Mbula akacheka kabla hajajizuia. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye duka la sare za shule, na tangu mumewe azikwe watu walikuwa wamemzoea akiwa ametulia. Softiboli aliicheza shuleni, akaiacha alipoolewa, akairudia mwaka huo wa 2006 wazee wa mji walipounda timu za mchanganyiko, wanawake na wanaume. Alilinunua lile gongo baya. Erastus akaomba namba yake ya simu, eti amfafanulie mambo ya mipira.

Akapiga jioni hiyo hiyo.

"Mipira iko namna mbili," akaanza. "Mwanamke anagongea ile ndogo, mwanaume ile kubwa. Kila mwanamke akishika gongo, tunasimamisha mchezo tubadilishe mpira."

"Kwa hivyo watu wote wanasimama kwa sababu yangu?"

"Hata mimi tangu soko nimesimama tu."

"Wacha uongo, mzee mzima."

"Niliwacha zamani. Nilipokuwa napima malori kwa mizani ya Mlolongo, madereva walinijaribu na maneno matamu mpaka nikasahau yangu. Sasa yananirudia."

Ikawa mazoea. Mbula alipokea simu huku akipima mabega ya watoto wa watu, pini mdomoni, akitabasamu peke yake. Jumamosi walikutana kwa chai, Erastus akamwonyesha kubonyeza mpira kwa dole gumba ajue kama ni mgumu kupita kiasi, na akakawia kuuachilia mkono wake. Mbula alimpenda. Hakuzunguka wala kujificha kwa hilo: alimpenda mtu huyo, basi.

Aliyekuwa na shida ni mwanawe, Kimeu, mtu wa ofisi na tai, aliyekuja kutoka Nairobi akiwa amekwisha kuambiwa yote.

"Mwaitu, wewe ni mama yangu, siwezi kunyamaza. Watu wanaongea. Unavaa trakisuti. Unacheka na simu."

"Nilipovaa nyeusi mwaka mzima waliongea?"

"Hiyo ilikuwa heshima."

"Na hii ni yangu."

Jioni ya kuamkia mashindano, Mbula alitaka Erastus amwonee fahari. Akalitoa lile gongo baya nyuma ya nyumba, akachukua jivu na waya wa kusugulia sufuria, akalisugua kama alivyofunzwa na mama yake kusugua chombo kinachopelekwa kwa wageni, mpaka likametameta kutoka mwisho hadi mwisho. Akalala ameridhika.

Asubuhi, Mbula akifunga kamba za viatu, Kimeu akamwambia, "Nilichukua namba ya huyo mzee kwa simu yako. Nimeongea na yeye. Sasa yamekwisha."

Mbula akakaza kamba, akalichukua gongo lake. Akaenda uwanjani, akapanga foleni mbele ya meza ya ukaguzi. Erastus alilichukua gongo lake, akaligeuza, akaligeuza tena, uso ukamwanguka. Akaliweka kando.

"Hii haiingii, mama."

Mama. Kama mtu wa kupita njia.

"Ulinichagulia wewe mwenyewe."

"Najua. Ngoja hapo kando nimalize laini, tutaongea."

Mbula hakungoja. Alitembea hadi kwenye ua wa uwanja, aibu na uchungu vimemjaa hata macho yakamwasha. Katunge, mchezaji mwenzake, akamfuata.

"Si uende tu nyumbani?"

"Nyumbani nikafanye nini? Nimpikie Kimeu ashibe?" Akageuka, akairudia meza, akawapita wote waliokuwa kwenye foleni. "Erastus. Kama kijana yangu amekutisha, nikatae na mdomo yako. Usinikatae na gongo."

Erastus akavua kofia, akamnyooshea lile gongo.

"Nionyeshe muhuri."

Mbula akatazama juu ya mshikio. Palikuwa peupe, panang'aa.

"Uliosha na nini?"

"Jivu," akasema polepole. "Na waya."

Mtu akacheka nyuma.

"Nikiipitisha, kila mtu hapa atasema nimepitishia mpenzi wangu," Erastus akasema, na neno hilo hakulishusha sauti. "Na ni kweli wewe ni mpenzi wangu. Kijana yako alinipigia. Nilimwambia hayo maneno aje aniambie ana kwa ana, na anisalimie kwanza."

Mbula akaazima gongo la Katunge, lenye muhuri wake. Mpira mdogo ukaletwa, ukarushwa juu polepole, akaugonga kwa hasira yote aliyokuwa nayo, akakimbia na trakisuti yake mbele ya mji mzima. Timu yake ilishindwa, tena vibaya. Lakini mchezo ulipokwisha alikwenda mezani na vumbi lake, akamshika Erastus mkono, akamvuta hadi kwenye ua ambapo Kimeu, aliyekuwa amemfuata kutoka nyumbani, alisimama na tai yake, amewapa kisogo watu wa majukwaani.

"Kimeu, nataka huyu anioe. Sijamuuliza bado. Erastus, nakuuliza."

"Hapa?"

"Si vitu vyako vyote unakagua mbele ya watu?"

Erastus akamtazama kutoka viatuni hadi kichwani, taratibu.

"Nimepitisha," akasema. "Mbuzi za ntheo, za kukuposa, nitapeleka kwa nani?"

"Kwa kaka yangu Ndeti, kule Kalama. Usiulize hapa."

"Mwaitu," Kimeu akanong'ona, "watu wote wanaangalia."

"Basi sogea, mwanangu. Umewaziba."