Sumaku Niliyombandikia Papa Neema

Nina umri wa miaka sabini na miwili. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, nilisoma hadi kidato cha nne, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa tangu nije kuishi hapa Birmingham, mtaa wa Small Heath. Nimestaafu. Ninaandika kisa hiki nikiwa na akili zangu timamu, na sitafuti wa kunihurumia… Nilimwangamiza rafiki yangu kwa sababu ya bomba la moshi la gari.

Wasomaji, msicheke. Ngojeni kwanza.

Anayeishi huku anajua kwamba baridi peke yake haiui gari. Kinachoua ni chumvi. Barafu ikianza kutanda, malori ya manispaa hupita yakimwaga chumvi barabarani, na chumvi hiyo hurukia tumbo la gari na kukaa pale miezi mitano ikitafuna. Bomba la moshi ndilo huliwa la kwanza, maana huchemka gari likitembea, hupoa likisimama, na kila likipoa hutoa jasho ndani.

Nililijua hilo. Hata hivyo, bomba langu la zamani lilipokufa nilinunua la chuma cha kawaida lililopakwa rangi ya fedha, kwa sababu lilikuwa linang'aa na sikutaka kuulizauliza. Halikumaliza majira mawili ya baridi. Siku moja tukitoka Kings Heath kununua mboga, madirisha yamefungwa na hita imewashwa, mke wangu Mama Wairimu aliniambia kichwa kinamzunguka. Nikamwambia ni njaa. Tulipofika nyumbani hakuweza kushuka. Bomba lilikuwa limetoboka chini ya kiti chake na moshi ulikuwa unaingia… Ningemuua mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe, na kosa lilikuwa langu.

Alipopata nafuu nilikwenda kwa Papa Neema.

Papa Neema, yaani Baba Neema kwa usemi wa kwao, alikuwa fundi kutoka Bukavu, Kongo. Alikuja nchi hii kama mkimbizi na watoto wanne, akafungua gereji ndogo chini ya daraja la reli kule Digbeth. Tuliabudu kanisa moja. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, yeye alipiga gitaa la besi. Mama Wairimu alipougua, mkewe, Mama Neema, alikuja kutupikia na kumwogesha mgonjwa siku kumi bila kuombwa.

Nilimwambia sitaki tena mchezo. Nataka stenlesi. Akanifutia kiti nikae, kisha akaanza kunieleza.

"Muzee Njoroge, sikia. Iko chuma tupu, ile ulikuwa nayo. Iko chuma ya kupaka aluminiamu, ile inasaidia kidogo. Na iko inox, ile munaita stenlesi. Lakini inox nayo iko mbili. Iko ya kung'ara, ya vijana. Na iko ya kazi. Mimi nitakuwekea ya kazi. Ile, rangi yake…"

Nilimkatiza. Nilimwambia, "Fundi, mimi nimeuza spea Nakuru miaka kumi na minne. Hutanifundisha chuma. Funga."

Akacheka, akasema, "Basi, boss, tufunge," akaingia chini ya gari. Lile neno alilotaka kumalizia kuhusu rangi nilimnyima nafasi ya kulisema. Likumbukeni hilo.

Baridi iliyofuata ilikuwa kali. Mwezi wa kwanza, nikikwangua barafu kwenye kioo cha nyuma, niliona mdomo wa bomba umegeuka rangi ya chai ya rangi. Kutu! Na wiki ileile Mama Wairimu akaniambia tena kichwa kinamzunguka.

Moyo wangu ukajaa hasira.

Kule Nakuru wauza vyuma vikuukuu walikuwa na jaribio moja tu. Mtu akileta sufuria na kusema ni stenlesi, walitoa sumaku waliyoing'oa kwenye spika ya redio. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, ni stenlesi. Hilo nililishika kama amri kumi. Basi nikaingia jikoni, nikang'oa sumaku ya bendera ya Kenya kwenye friji, nikatoka, nikanyoosha mkono nyuma ya gari. Ikanasa kwa nguvu. Nikaing'oa, nikairudisha… ikanasa tena.

Je, ningefanya nini? Ningempigia simu nikamuuliza. Gereji yake ilikuwa basi moja tu kutoka kwangu. Lakini sikutaka kumuuliza. Nataka niseme ukweli wote hapa: sikutaka jibu, nilitaka kumwona ameanguka. Mtu huyu amekula kwangu, mkewe amemwogesha mke wangu, kisha akamfungia kifo chini ya kiti! Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kila nilivyojiambia ndivyo nilivyosikia raha.

Nilipanga wiki tatu. Nilimsalimia kila Jumapili kwa mikono miwili. Nilikwenda kwake nikala fufu na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, nikasifu mapishi. Alipouliza gari linaendeleaje nilimjibu, "Linatembea vizuri, ndugu yangu," huku ile sumaku imo mfukoni mwangu.

Nilichagua saa ya matangazo. Kanisani kwetu ibada ina ushuhuda, ambapo mtu anaweza kujibiwa, na ina matangazo, ambayo hayajibiwi. Mzee akisimama kutangaza, hakuna wa kumkatiza, na akiketi ni sala ya kufunga. Nilijua hilo. Ndiyo maana sikutumia ushuhuda.

Nikasimama. Nikasema miongoni mwetu kuna fundi anayeuza chuma kilichooza na kukiita stenlesi, na kwamba mke wangu nusura afe mara mbili. Nikaiinua sumaku juu. Nikasema anayetaka kuona anifuate nje. Sikumtaja jina. Kulikuwa na fundi mmoja tu!

Papa Neema aliinuka akaanza, "Bazee, naomba…" Mwenyekiti wa ibada akamwambia aketi, matangazo hayajibiwi. Akaketi. Gitaa lilikuwa bado shingoni mwake.

Nje, watu walijipanga nyuma ya gari langu kama wanaotazama maiti. Sumaku ilinasa, wakaguna, na mimi nikarekodi kwa simu. Yeye akaja polepole.

"Muzee, ungeniuliza tu," akasema.

"Nikuulize nini, fundi wa mabati?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa kwaya akarudia, "Fundi Mabati!" Jina likanata hapohapo. Ile video ilizunguka simu zote za Wakenya wa mji huu kabla hatujamaliza kunywa chai.

Naapa, kisasi ni kitamu. Nilipita Digbeth kwa basi makusudi, nikaona uwanja wa gereji yake hauna gari hata moja. Nikashuka kituo cha mbele, nikarudi kwa miguu ili nione vizuri. Siku nyingine nilimwona amekaa peke yake kwenye kile kiti alichonifutia. Nilikwenda nyumbani nikalala kama mtoto.

Kabla ya Pasaka alirudisha funguo kwa mwenye jengo. Wakongo wakahamia kanisa jingine, kwaya ikabaki na sauti nne. Asubuhi moja tulikuta mlangoni chupa yetu ya chai ambayo Mama Neema aliiazima. Ilikuwa imeoshwa na kukaushwa, haina chochote ndani. Kwetu, wala kwao, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mama Wairimu aliishika akalia. Akaniambia, "Baba Wairimu, una hakika?"

Nikamjibu kwamba sumaku haidanganyi.

Kisha hospitali ikamaliza vipimo vyake. Damu yake ilikuwa pungufu. Kile kizunguzungu cha pili hakikutokana na moshi hata kidogo. Je, hapo nilirudi nyuma? Sikurudi. Nilisema, hata hivyo, chuma ni chuma.

Mwezi wa tisa gari, ambalo tangu wakati ule nililiendesha peke yangu madirisha yakiwa wazi, likahitaji ukaguzi wa kila mwaka. Nilimpelekea fundi wa Kipakistani karibu na barabara ya Coventry, mzee wa makamo yangu. Alilipandisha juu, nikamwambia kwa Kiingereza asihangaike na bomba, najua limeoza. Akachukua bisibisi akakwangua ile rangi ya chai. Chini yake chuma kiling'aa.

Nikatoa sumaku yangu ya bendera. Ikanasa.

Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mjomba, hiyo ni sumaku ya friji, siyo maabara." Kisha akanieleza taratibu. Ipo stenlesi ya masufuria, ambayo sumaku haiishiki. Na ipo nyingine, iliyotengenezwa hasa kwa mabomba ya moshi, na hiyo sumaku huishika barabara. Huvumilia kuchemka na kupoa. Hubadilika rangi juu ya ngozi tu, lakini chumvi haiingii ndani. Akapitisha kidole kwenye maungio, akaniuliza ni nani aliyechomelea vile, maana mtu kama huyo angempa kazi kesho.

Nilisema sijui.

Ndiyo, wasomaji. Nilisema sijui! Petro alikana mara tatu, mimi ile moja ilinitosha… Nilikaa garini nje ya gereji ile mpaka wakaniomba niondoke, nimeziba njia.

Mngedhani nilikwenda kuomba msamaha siku hiyo. Nilinyamaza miaka miwili. Kila Jumapili nilisimama kutangaza mikutano na harusi, na kila nilipofungua kinywa nililiona lile gitaa shingoni mwa mtu aliyeambiwa aketi. Nilimchukia Papa Neema kwa kuwa na haki. Nilijichukia zaidi.

Mwishowe chumvi ikalila gari lenyewe. Sakafu ilitoboka, milango ikachakaa, nikaliuza kama chuma chakavu. Yule mnunuzi akaja mlangoni na bomba begani. Akaniambia hili lisiende kusagwa, gari lote limekufa lakini hili bado zima. Akaliegemeza ukutani, akaondoka.

Bomba nililolitangaza kuwa limeoza lilizika gari.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi, safari hii wakati wa ushuhuda, ili anayetaka kunijibu anijibu. Nikaeleza yote. Mama mmoja akasimama akaniuliza, "Na ile video, Mzee, utairudishaje?" Nikaacha uzee wa kanisa siku hiyohiyo.

Kisha nikampigia. Sasa anaishi mji mwingine, anapakia nyama kiwandani. Nilisema kila kitu bila kupumua, nikamwomba msamaha.

"Muzee," akasema, "mimi nilikuwa na namna ya kukushinda siku ile ile. Iko namba imegongwa pale chini, karibu ya tumbo ya bomba. Namba ya inox. Ningekuonyesha mbele ya watu wote, wangekucheka wewe."

Nikamuuliza mbona hakunionyesha.

"Nilinyimwa kusema. Na nyuma ya pale, mimi naye nilikasirika. Nikasema nimuache na sumaku yake, siku moja itamukula. Nilijua namba iko pale. Nilijua pia hautainama."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Bado. Salimia Mama Wairimu." Akakata.

Wasomaji wenzangu, mkiishi kwenye nchi za baridi, msinunue bomba kwa kung'aa. Ulizeni limetengenezwa kwa chuma gani, na fundi akianza kueleza mwacheni amalize. Na mkidhani mmedhulumiwa, ulizeni kabla hamjalipiza. Nawasihi. Kisasi changu kilimpata mtu asiye na kosa, na chake kimenipata mimi mwenye kosa, wala hakuinua hata mkono.

Nilipoweka simu chini nilikwenda kwenye ujia, lile bomba lilipoegemea. Magoti yangu hayakunjiki vizuri siku hizi. Nilishika ukuta, nikashuka goti moja, kisha la pili, nikafuta vumbi kwa kiganja…

Namba ilikuwapo.